Uzi: Kupiga picha nebula na magalaksi kwa kamera ya kawaida, lenzi ya milimita 50 na mbao mbili za bawaba

Mwanzisha uzi (Kondoa)

Wakuu, salaam. Nimesoma humu mara nyingi kwamba mtu asiye na darubini ya mamilioni hawezi kupiga picha ya kitu chochote cha angani zaidi ya mwezi, na kila nikisoma hujikuta nataka kubisha. Leo nabisha. Picha yangu ya nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya Jabari, ile ambayo wanafalaki huiandika M42 katika kundinyota la Orion, nimeipiga nyumbani Kondoa mwezi Januari, usiku mmoja mvua ilipopumzika na hewa ikiwa imeoshwa. Kamera ni Canon EOS 1100D ya mtumba, lenzi ni ya milimita 50 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi), na stendi ya miguu mitatu ina mguu mmoja nilioukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hapakuwa na darubini wala mota.

Kosa linaloanza mapema kabisa ni kudhani kwamba vitu vya anga la mbali, yaani nebula, mafungu ya nyota na magalaksi (makundi makubwa mno ya nyota kama hili letu), havionekani kwa sababu ni vidogo. Vingi ni vikubwa kupita matarajio. Nebula ya Jabari ina upana wa takriban digrii moja, ambao ni kama miezi mipevu miwili iliyopangwa sambamba, na galaksi ya Andromeda, pamoja na kuwa umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, imetanda kwa digrii tatu hivi. Kitu chenye upana huo hakihitaji kukuzwa. Kinachohitajika ni kukusanya mwanga wake, kwa sababu mwanga wenyewe ni hafifu. Jicho halina uwezo wa kuweka akiba ya mwanga, ila kamera inao. Daktari Henry Draper wa New York alilitumia jambo hilo tarehe 30 Septemba 1880, alipoiacha sahani yake ya picha ikinywa mwanga wa nebula hii hii ya Jabari kwa karibu dakika 50, na akapata picha ya kwanza ya nebula iliyowahi kupigwa. Sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera ya harusi ya leo, ina wepesi wa kunasa mwanga ambao Draper asingeuota.

Kinachotukwamisha sisi wenye stendi tupu ni kwamba anga haitulii. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo nyota husogea digrii moja kila dakika nne. Digrii moja ina sekunde za pembe 3,600, hivyo msogeo huo ni sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde moja ya saa yako ya mkononi. Swali la msingi, ambalo naona wengi hawajiulizi, ni je, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ya kamera yako inafunika sekunde ngapi za pembe? Chukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita, zidisha kwa 206, kisha gawanya kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Kamera yangu ina pikseli za mikromita 5.2, na lenzi ni 50, kwa hiyo jibu ni 21. Maana yake nyota iliyo katika Jabari huvuka pikseli moja kwa sekunde 1.4 tu. Nikifungua shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) kwa sekunde 3 nyota inakokota mkia wa pikseli mbili, ambao hakuna atakayeuona. Nikiiacha sekunde 6, mkia ni wa pikseli nne na nyota imeshakuwa punje ya mchele.

Ndiyo maana siipendi ile kanuni ya 500 inayosambaa mitandaoni, inayosema ugawanye 500 kwa urefu wa lenzi baada ya kuuzidisha kwa 1.6 kwa kamera za sensa ndogo. Kwa lenzi yangu inatoa sekunde 6 na kidogo, yaani punje ya mchele. Inafaa kwa picha ya kuangalia kwenye simu. Haifai kwa mtu anayetaka kurundika picha mia mbili.

Sasa hapa pana neema ambayo vitabu vya Ulaya haviitilii mkazo, kwa sababu wao hawaioni sehemu hiyo ya anga. Nyota zote hazisogei kwa mwendo mmoja. Fikiria gurudumu la mkokoteni: doa lililo ukingoni hukimbia, lililo karibu na ekseli hujikokota, ilhali gurudumu ni lile lile. Jabari yuko ukingoni, karibu na ikweta ya anga, ule mstari ulio juu ya ikweta ya dunia. Nebula ya Mkuku, inayoitwa Carina na kuandikwa NGC 3372, iko karibu digrii 60 kusini mwa ikweta hiyo, na huko mwendo ni nusu, kwa hiyo sekunde zangu 3 zinakuwa 6 bila nyota kuharibika. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, liko karibu digrii 70 kusini, mwendo ni theluthi, na ninaweza kufungua hadi sekunde 9. Bei ya neema hiyo ni kwamba kutoka Kondoa wingu hilo halipandi zaidi ya digrii 25 kutoka upeo wa macho, kwa hiyo mwanga wake hupita kwenye hewa nene zaidi ya mara mbili ya ile iliyo utosini, pamoja na moshi wa mashamba yanayochomwa. Nebula ya Jabari, kinyume chake, hutupitia utosini kabisa.

Mipangilio ninayotumia haina siri. Lenzi naibana hadi f/2.8, kwa sababu katika f/1.8 nyota za pembeni huota mbawa kama kumbikumbi. ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga, ni 1600. Picha zinahifadhiwa kama faili ghafi, si JPEG, kwa sababu JPEG hutupa taarifa zile hafifu tunazozitafuta. Kamera iko kwenye kupiga mfululizo, na kitufe cha waya kimefungwa ili ipige yenyewe bila kuguswa. Kila baada ya dakika 15 hivi naielekeza upya, kwa kuwa kitu kinakuwa kimehama digrii kama nne.

Kulenga, yaani kuifanya nyota itoke kali badala ya ukungu, ndiko kuliniliza. Alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi haina ukweli. Lenga kwa kutumia skrini, kuza mara kumi kwenye nyota kali kama Shira (Sirius), na uzungushe pole pole hadi nyota iwe nukta ndogo kuliko zote. Mwaka wa kwanza nililenga vizuri, nikasahau kuzima swichi ya kulenga kiotomatiki ubavuni mwa lenzi, nikabonyeza, na kamera ikaanza kuhangaika kutafuta cha kulenga gizani. Sikuijua hali hiyo hadi asubuhi, nilipofungua picha 200 na kukuta vitumbua 200 vya mwanga. Tangu siku hiyo swichi ikishazimwa, pete ya lenzi inafungwa kwa kipande cha gundi ya karatasi.

Picha moja ya sekunde 3 ukiitazama itakukatisha tamaa: ni kijivu, imejaa chengachenga, na nebula ni alama kama ya kidole chenye mafuta. Usiifute. Nebula iko mahali pale pale katika kila picha, lakini chengachenga huruka huku na huku, kwa hiyo programu ikizipanga picha juu ya nyingine kwa kufuata nyota na kuchukua wastani, nebula hubaki na chengachenga hufutana. Faida hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 100 husafisha mara 10, picha 240 mara 15 na nusu. Ukitaka usafi mara mbili ya ulionao, lete picha mara nne. Ile yangu ni picha 240 za sekunde 3, yaani dakika 12 tu za mwanga. DeepSkyStacker ya Windows na Siril, ambayo hufanya kazi pia kwenye Linux na Mac, zote ni za bure.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Mkuu, ahsante kwa somo. Mimi nipo Mbagala, nina simu tu, na taa za mtaa hazizimwi. Je, niachane na jambo hili, au kuna ninachoweza kupata? Pili, naomba ufafanuzi juu ya siku za kupiga, maana juzi nilitoka nje nikakuta mwezi umeng'aa kama taa ya uwanja wa mpira.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mbagala, nianze na mwezi kwa kuwa ni rahisi. Huhitaji programu yoyote. Tazama kalenda ya Kiislamu iliyo ukutani. Kuanzia tarehe 26 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, usiku ni wa giza karibu wote. Tarehe 8 mwezi hutua karibu na usiku wa manane, kwa hiyo nusu ya pili ya usiku ni yako. Kati ya tarehe 11 na 17 lala.

Kuhusu simu, tusidanganyane wala tusikatishane tamaa. Lenzi ya simu yenye urefu wa milimita 4.4 na f/1.7 ina tundu la upana wa milimita 2.6. Lenzi yangu ya 50 hata ikibanwa f/2.8 ina tundu la milimita 18 karibu, na eneo lake ni zaidi ya mara 40 ya lile la simu. Huwezi kuzishindanisha. Hata hivyo simu ina jambo moja inalolifanya vizuri, nalo ni Njia Nyeupe yenyewe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, kwa sababu lenzi yake ni pana na nyota huchukua muda kuvuka pikseli. Kampuni ya Google iliweka katika simu ya Pixel 4 mwaka 2019 utaratibu unaopiga picha hadi 15 za sekunde 16 kila moja na kuzirundika yenyewe, jumla dakika nne. Ni kazi ile ile ninayoifanya mimi kwa kompyuta. Kama simu yako ina sehemu ya kupanga mwenyewe na inakubali kuhifadhi faili ghafi, iegemeze kwenye matofali, weka ucheleweshaji wa sekunde 3 ili kidole kisiitikise, na piga 30 mfululizo.

Taa ni adui mkubwa kuliko udogo wa kamera. John Bortle aliweka mwaka 2001 mizani ya giza la anga yenye madaraja 9, na katikati ya jiji kubwa ni daraja la 8 au 9, ambapo galaksi huzama kabisa ndani ya mwanga wa sodiamu na LED. Mafungu ya nyota hayazami kirahisi, kwa kuwa kila nyota yake ni nukta kali. Kwa hiyo ukiwa mjini anza na Kilimia, kile kile ambacho wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kina nyota zinazotosha kuijaza picha hata juu ya paa la Mbagala, na Novemba na Desemba kiko juu jioni yote. Fungu la M7, lililo karibu na mkia wa Nge, nalo ni zuri Julai na Agosti.

Mchangiaji wa Mombasa

Hamjambo nyote. Kaka wa Kondoa amesahau adui wetu sisi wa pwani, ambaye ni umande. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mbingu ya Mombasa huwa safi na Jabari yuko juu, lakini kufikia saa tano za usiku kioo cha lenzi kinakuwa kimeshika ukungu na mpigaji hana habari. Picha za kwanza huwa kali, zinazofuata nyota zinaanza kuvimba, na za mwisho ni maziwa matupu. Mimi najaza mchele mkavu kwenye soksi, naipasha moto juu ya kikaango bila mafuta, kisha naifunga shingoni mwa lenzi kwa mpira. Inashikilia joto kwa muda wa kutosha kumaliza seti moja. Msiupashe hadi uwake, na msiipanguse lenzi kwa kanga, kwa sababu chumvi ya hewa ya bahari hukwaruza kioo.

Swali langu ni juu ya zile picha za ziada ambazo programu huzidai, za giza na za mwanga sawa. Je, ni za lazima?

Mwanzisha uzi

Maarifa ya mchele nimeyapokea kwa mikono miwili.

Picha za giza ni zile unazopiga ukiwa umefunika lenzi kwa kifuniko chake, kwa ISO ile ile, muda ule ule na katika joto lile lile, mara tu unapomaliza. Hunasa zile pikseli zenye kasoro na joto la sensa yenyewe, kisha programu huziondoa kwenye picha halisi. Kwa sekunde 3 faida yake si kubwa, ila kwa sekunde 30 utaiona, hasa Mombasa ambako usiku wenyewe una joto. Ishirini zinatosha.

Picha za mwanga sawa nazipa uzito mkubwa zaidi. Kila lenzi huwa na kati angavu na pembe zenye giza, na ukianza kunyanyua mwanga hafifu wa nebula, duara hilo hujitokeza kama alama ya sufuria mezani. Ninachofanya ni kunyoosha fulana nyeupe juu ya lenzi alfajiri, bila kugusa pete ya kulenga, na kupiga 20 kuelekea anga jeupe. Mabaka ya vumbi kwenye sensa nayo huondoka kwa njia hiyo hiyo.

Mchangiaji wa Muscat

Assalaam alaykum. Nawasomeni nikiwa Oman, na ninaona wivu usiofichika. Muscat iko digrii 23.6 kaskazini, kwa hiyo hiyo Nebula ya Mkuku mnayoisema hainipandii zaidi ya digrii 7 kutoka upeo wa macho, ndani ya vumbi la jangwa, na Mawingu ya Magellan nimeyaaga tangu nilipotoka Unguja. Hata Suheli, ambayo ni Canopus na ndiyo iliyotupa neno la suheli kwa maana ya kusini, huku huonekana chini, nayo ni nyota ya pili kwa ung'avu katika anga zima.

Ila kuna fidia. Galaksi ya Andromeda hunipanda hadi digrii 72, ambapo kwenu Kondoa nadhani haivuki 45. Kwa lenzi kuukuu ya Kirusi ya Helios, milimita 58, yenye uzi wa kufungia unaoitwa M42, jina moja na nebula bila undugu wowote, nimeipata Andromeda ikiwa na umbo la jicho la paka na kivuli cha vumbi upande mmoja. Lenzi za namna hiyo hazina umeme, hulengwa kwa mkono, na kwa kazi yetu huo si upungufu hata kidogo.

Ninachotaka kuuliza ni rangi. Picha zangu za nebula hazitoki nyekundu kama zile za magazeti. Je, ni kosa langu?

Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam, sheikh. Si kosa lako. Gesi ya haidrojeni hung'aa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 656, na watengenezaji wa kamera huweka mbele ya sensa kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo ili ngozi za watu zisitoke kama zimechomwa na jua. Wako wanaokitoa. Mimi sikushauri ikiwa kamera hiyo hiyo ndiyo inayokulipia kodi kwa kupiga harusi na sendofu, maana haitarudi kuwa kama zamani. Kubali waridi hafifu kwa Jabari, ambayo ni angavu kiasi cha kupenya, na tumia kamera isiyochokonolewa kwa vitu ambavyo havitegemei wekundu: magalaksi, Mawingu ya Magellan, Kilimia, na Omega Centauri. Hii ya mwisho ni fungu la duara lenye nyota mamilioni, umbali wa miaka ya nuru karibu 17,000, na kwetu Mei saa tatu usiku iko juu ya Salibu, lile kundinyota la msalaba wa kusini, kama mpira wa pamba. Kwako wewe itafika digrii 19, kwa hiyo usiikose.

Mwalimu wa fizikia (Mwanza)

Naomba kuongeza jambo, kwa heshima ya mwanzisha uzi, kwa sababu kichwa cha uzi kimetaja mbao mbili za bawaba na mpaka sasa hazijaletwa mezani. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamezitengeneza, na hesabu yake ni nzuri kufundishia.

Wazo hili liliandikwa na George Haig wa Glasgow katika jarida la Sky & Telescope mwaka 1975. Mbao mbili zinaunganishwa kwa bawaba upande mmoja, na upande wa pili bolti inapita kwenye nati iliyozamishwa katika ubao wa chini, ncha yake ikiusukuma ubao wa juu. Kamera hukaa juu ya ubao wa juu. Ukizungusha bolti, pembe kati ya mbao hufunguka, na ikifunguka kwa mwendo ule ule wa anga, nyota husimama kwenye sensa.

Anga huzunguka radiani (kipimo cha pembe) 0.004375 kwa dakika. Bolti ya M6 ya kawaida hupanda milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Tukitaka mzunguko mmoja kwa dakika moja, tunagawanya 1 kwa 0.004375 na kupata milimita 228.6, ambao ndio umbali kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi katikati ya bolti. Fundi seremala akikosea kwa milimita 2, mwendo unakosea kwa chini ya asilimia moja, na kwa sekunde 30 kosa hilo halifiki hata robo ya pikseli kwa lenzi ya 50. Kuna watu wanaogopesha wengine kwa habari ya bolti iliyonyooka kusukuma ubao unaopinda, wakisema lazima ipindwe. Kosa hilo lipo, lakini katika dakika 20 za mwanzo ni dogo kiasi kwamba kwa lenzi fupi halionekani. Baada ya dakika 20 rudisha bolti chini, uanze upya.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, shikamoo na ahsante. Umenitoa kwenye deni. Nami nieleze namna ya kuzisimamisha, kwa kuwa hapo ndipo maelezo ya wageni yanapotupoteza kabisa.

Pini ya bawaba lazima iwe sambamba na mhimili wa dunia. Huko Ulaya huielekeza juu sana, kwenye Nyota ya Kaskazini, na hutumia nusu saa kuilenga. Sisi ncha yetu ya kusini ya anga ina urefu sawa na latitudo yetu: Kondoa ni digrii 5 juu ya upeo wa macho, Mwanza 2 na nusu, Nairobi ni moja na kidogo. Kwa maneno mengine pini inalala karibu sawa na meza, kaskazini kwa kusini, ncha ya kusini ikiwa imeinuliwa kidogo tu. Nyota ya kulengea haipo, na hata ile hafifu iliyo karibu na ncha hiyo imezama katika ukungu wa upeo, lakini haituhusu. Natumia dira ya simu, baada ya kuirekebisha ili ionyeshe kaskazini halisi badala ya ile ya sumaku, na kipimo cha mteremko cha simu hiyo hiyo kwa zile digrii 5. Nikikosea digrii moja, nyota huhama sekunde 8 za pembe katika sekunde 30, ambazo hazifiki nusu ya pikseli. Nikikosea digrii tatu, ni pikseli moja. Hivyo kile wanachokifanya kwa mateso sisi tunakifanya kwa kukadiria, na sababu ni lenzi fupi.

Bawaba iwe upande wa magharibi na bolti upande wa mashariki, ili ubao ukiinuka mashariki kamera iiname kufuata nyota zinakozama. Niliwahi kuigeuza, na nyota zikawa na mikia mara mbili ya kama ningeiacha kamera isimame tu.

Kosa langu jingine lilikuwa la kuzungusha. Niliweka alama nne kwenye kifuniko cha kopo la rangi nilichokigundisha kwenye kichwa cha bolti, nikawa nasubiri sekunde 15 na kuzungusha robo. Picha zilitoka na nyota zilizorukaruka kama chura. Hesabu ingeniambia mapema: katika sekunde 15 nyota inakuwa imetoroka pikseli 10 kabla sijaifuata. Sasa kifuniko kina alama 12 kama uso wa saa, na nimekiwekea kijiti cha kukisukumia. Pembeni nina saa ya ukutani ambayo mkono wake wa sekunde huteleza badala ya kuruka, nami nasukuma kijiti kiende sambamba na mkono huo bila kusimama. Ni kazi ya kuchosha shingo, na mke wangu alidhani mwanzoni kuwa natengeneza redio. Ila badala ya sekunde 3 napata sekunde 30, na katika mwanga wa dakika 20 Nebula ya Mkuku imenionyesha mfereji wa giza unaoikata katikati, ambao kwa stendi tupu sikuwahi kuuona.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Wakuu, nimerudi. Nimeazima Nikon ya shemeji yangu na nimekwenda kwa fundi seremala. Mbao zipo, bawaba ipo, lakini dukani bolti ndefu za M6 hazikuwepo, muuzaji amenipa M8. Kwa mujibu wa Mwalimu, nadhani nimeshaharibu.

Mwalimu wa fizikia (Mwanza)

Hujaharibu, mwanangu, mradi fundi hajatoboa. M8 ya kawaida hupanda milimita 1.25 kwa mzunguko, kwa hiyo bolti inakwenda mbali zaidi kutoka kwenye bawaba: milimita 285.7. Hakikisha kwanza uzi wake, kwa sababu zipo M8 za uzi mwembamba wa milimita 1. Zungusha nati mizunguko kumi juu ya rula, ikitembea milimita 12 na nusu ni sahihi, ikitembea 10 rudi kwenye 228.6. Ubao uwe na urefu wa milimita 330 au zaidi ili tundu lisikae ukingoni. Pima kutoka kwenye pini, si kutoka kwenye ukingo wa bawaba.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Imetembea 12 na nusu. Fundi anatoboa kesho.